Usilaumu bando: nyota hupotelea sebuleni

Mhariri,

Kila tamthilia mpya ya anga inapotoka, kurasa za teknolojia magazetini, la kwako likiwamo, humwandikia msomaji dawa ileile: ongeza bando, nunua runinga kubwa zaidi, lipia kifurushi cha 4K. Dawa hiyo humfaa muuzaji kuliko mtazamaji. Bunilizi ya kisayansi huviumbua vyombo vya nyumbani kuliko aina nyingine yoyote ya tamthilia. Nusu ya picha ni giza. Ndani ya giza kuna nukta ndogondogo za mwanga. Na kati ya giza na mwanga kuna ukungu wa rangi unaobadilika polepole bila mpaka. Tamthilia ya mahakamani itatazamika hata kwenye kifaa kibovu. Ya chombo kinachopita kando ya sayari haitatazamika, na aghalabu kinachoiharibu kiko mita mbili tu kutoka kwenye kochi.

Bando kwanza, kwa kuwa hesabu yake ni fupi. Netflix hupendekeza megabiti 3 kwa sekunde kwa picha ya 720p (yenye mistari 720 kutoka juu hadi chini), 5 kwa 1080p na 15 kwa 4K, yenye mistari 2160. Megabiti 5 kwa sekunde ni gigabaiti 2.25 kwa saa. Megabiti 15 ni gigabaiti 6.75. Laini inayofikisha megabiti 10 bila kuyumba inatosha kwa 1080p na kubakiza, na kuipandisha hadi 100 hakuongezi hata nukta moja kwenye picha hiyo. Muhimu ni kwamba kasi ipimwe penye runinga, kwa kifaa kilekile kinachoonyesha, wala si kwa simu iliyosimama kando ya rauta. Kijiti cha kuonyesha tamthilia za mtandaoni, kinachochomekwa nyuma ya runinga, hukaa mgongoni mwa bamba la chuma, mahali pabaya kuliko pote kwa Wi-Fi. Kipande kifupi cha kebo ya kurefusha HDMI kinachokitoa pembeni mara nyingi hurekebisha kile ambacho bando kubwa halikuweza. Masafa ya 2.4 GHz hupenya kuta lakini yana chaneli tatu tu zisizoingiliana, 1, 6 na 11, na majirani wote wanazigombania. Ya 5 GHz hayafiki mbali ila yana nafasi. Kebo ya mtandao hushinda yote mawili, na hata tundu la megabiti 100, ambalo ndilo lililo kwenye runinga nyingi, linazidi mahitaji ya 4K mara kadhaa. Kijiti hichohicho kisilishwe umeme na tundu la USB la runinga. Tundu la USB 2.0 hutoa miliampia 500, na kijiti kinapoanza kufungua picha ya 4K huhitaji zaidi, ndipo kinajizima na kuwaka upya katikati ya vita. Kiwekewe adapta yake.

Dakika ya kwanza ya kila sehemu ya tamthilia huonekana kama imepakwa matope hata penye laini nzuri. Programu huanza na nakala nyepesi ili picha itokee upesi, kisha hupanda ngazi ikishajua uwezo wa laini. Bahati mbaya, tamthilia za anga hupenda kufungua kwa picha ya nyota, yaani hufungua kwa picha ngumu kuliko zote wakati kasi ni ndogo kuliko zote. Iache icheze dakika moja, kisha rudi mwanzo. Mara nyingi vipande vile huvutwa upya kwa kiwango cha juu.

Ikiwa picha haipandi kamwe, usibishane na kampuni ya intaneti kabla ya kukikagua kifaa. Vifaa vya Android hulinda picha kwa mfumo uitwao Widevine, wenye daraja la L1 na la L3. Katika L1 kazi ya kufungua msimbo hufanyika ndani ya sehemu salama ya chipu. Katika L3 hufanywa na programu ya kawaida, na huduma kubwa hukibana kifaa cha L3 kwenye mistari 480 au 540 hivi, hata boksi la kuchomeka kwenye runinga likiwa limeandikwa 4K kwa herufi za dhahabu. Netflix huongeza sharti lake: kifaa kiwe kimeidhinishwa na kampuni yenyewe. Kwa hiyo boksi la bei rahisi linaweza kuonyesha video zako mwenyewe kwa 4K safi, halafu likaonyesha tamthilia uliyoilipia kwa ubora wa DVD. Daraja hilo husomwa kwa programu ndogo za bure za kukagua DRM, yaani ulinzi huo wa picha, na kulisoma huchukua nusu dakika. Wanaonunua kwanza na kusoma baadaye ndio wengi.

Kwa 4K upo mnyororo mwingine, HDCP 2.2, kinga ya kuzuia kunakiliwa kwa picha inayopita kwenye kebo ya HDMI. Kila pingili, kuanzia boksi, spika ndefu ya chini ya runinga kama picha inapitia humo, hadi tundu la HDMI lenyewe, lazima ikubali toleo hilo. Moja ikiwa ya zamani, picha hushuka hadi 1080p au kioo hubaki cheusi. Kwenye runinga kadhaa ni tundu moja au mawili tu yenye uwezo huo, na huandikwa kwa herufi ndogo kando yake.

Kebo nayo ina kituko chake. Picha ya 4K yenye fremu (picha mojamoja) 60 kwa sekunde na rangi kamili huhitaji kebo ya gigabiti 18 kwa sekunde, na kebo ya kawaida ya shaba ikishavuka mita tano hivi huanza kupoteza data. Data ikipotea hutokea vinukta vyeupe vinavyometameta juu ya picha. Kwenye tamthilia ya anga mtazamaji huvifurahia akidhani ni nyota! Kipimo ni rahisi: nyota za kweli husogea pamoja na kamera, vinukta vya kebo hurukaruka ovyo na hutua hata usoni pa nahodha na juu ya menyu. Badili kebo, au punguza fremu kutoka 60 hadi 24, kwa kuwa tamthilia nyingi za aina hii zimepigwa kwa fremu 24 na kwa kasi hiyo hata kebo ya zamani ya gigabiti 10 huweza kubeba.

Sasa giza lenyewe. Picha ya kawaida ya biti 8 ina ngazi 256 kwa kila rangi, na video hutumia zile za kuanzia 16 hadi 235 tu, yaani 220. Mandhari ya usiku wa angani huishi kwenye ngazi chache za chini kabisa. Ukitandaza wingu la gesi kioo kizima kwa ngazi ishirini, kila ngazi huwa mkanda unaoonekana, kama mistari ya miinuko kwenye ramani. Juu ya hapo, programu ya kubana picha hutupa tofauti ndogo za gizani kwa hoja kwamba jicho halitaziona. Hoja hiyo ni ya kweli runinga ikiwa imepangwa vizuri. Runinga iliyoachwa kwenye mtindo mkali wa dukani, ule wa rangi za kupiga kelele, hulipandisha giza na kuyaanika yale yote yaliyokusudiwa yafichike. Kinacholaumiwa ni mtandao. Kilichokosea ni rimoti.

Mpangilio uwe hivi. Chagua mtindo wa sinema, au Filmmaker Mode kama upo. Ulitangazwa mwaka 2019 na umekuwa ukizima karibu kila urembo kwa kubonyeza mara moja. Zima upunguzaji wa chembechembe, maana mtambo huo hautofautishi chembe ya uchafu na nyota hafifu, na hufuta zote. Ukali wa picha ushushwe hadi sifuri au karibu yake. Ukali wa kuongezwa huizungushia kila nyota pete nyeusi. Utofautishaji unaojibadilisha wenyewe uzimwe, la sivyo nyota zitakuwa zinafifia na kung'aa kila chombo chenye taa kinapopita. Taa za nyuma ya kioo zinazojizima kwa maeneo ni jambo la kujaribu, si la kukariri: kioo chenye maeneo mengi hunufaika nazo, chenye maeneo machache huzima nyota pamoja na giza lake, au hukizungushia chombo wingu la kijivu linalokifuata kila kiendako.

Kitufe kiitwacho mwangaza, kwenye runinga nyingi, hakiongezi mwanga. Hupanga weusi uanzie wapi. Sitisha picha kwenye tukio la giza lenye mikanda myeusi juu na chini. Pandisha mpaka mikanda iwe ya kijivu, kisha shusha taratibu mpaka ifanane tu na ukingo wa runinga, ukihakikisha mikunjo ya nguo nyeusi bado inaonekana. Hapo acha. Ikiwa giza lote limekuwa donge moja bila umbile, huenda boksi linatuma picha ya ngazi 0 hadi 255 kwa runinga inayosubiri 16 hadi 235, na ngazi zote za chini zimemezwa. Kinyume chake hutoa weusi wa majivu. Weka pande zote mbili kwenye hali ya kujichagulia, au zote kwenye kiwango kile kifinyu. Lenye kudhuru ni kutokubaliana.

Malalamiko ya kwamba tamthilia mpya ni giza tupu mara nyingi hutokana na HDR, mfumo wa picha yenye tofauti kubwa zaidi kati ya mwanga na giza. Picha hizo hutengenezwa aghalabu kwa kilele cha niti 1,000, niti ikiwa kipimo cha mwangaza wa kioo. Runinga ya bei ya chini inayofikia niti 300 hupokea alama ya HDR, hukubali kwa ushujaa, kisha hulazimika kukandamiza kila kitu ili kilele kitoshe. Hapo ni heri kuizima HDR kwenye boksi na kutazama picha ya kawaida. Hakuna aibu katika hilo. Chumba nacho kisiwe na taa inayoangaza kwenye kioo; taa hafifu nyeupe nyuma ya runinga, ya Kelvini 6,500, huufanya weusi uonekane mzito zaidi bila kugusa setingi yoyote.

Kuhusu ukubwa, kwenye runinga ya inchi 50 1080p hulitosha jicho la kawaida mpaka likaribie chini ya mita mbili, na ili lione yote yaliyomo katika 4K hutakiwa kuwa karibu na mita moja. Anayekaa mita tatu na kulipia 4K analipia HDR na kasi kubwa ya biti, mambo yenye faida, lakini nukta zenyewe hazioni.

Mwendo pia huharibiwa. Runinga hutunga fremu za uongo katikati ya zile za kweli ili mwendo uwe laini, na chombo kidogo kinapokata mbele ya nyota, mtambo hukisia vibaya na kingo zake huchanika. Zima kabisa. Halafu kuna kutetemeka kwa namna nyingine: fremu 24 zikigawanywa kwenye kioo cha mizunguko 60, moja hukaa mizunguko miwili na inayofuata mitatu, na kamera inapoelea polepole kando ya chombo kirefu unaona kigugumizi. Apple TV, Fire TV na maboksi mapya ya Android yana kipengele cha kulinganisha kasi ya fremu na ile ya tamthilia. Huja kimezimwa. Kiwashe, uvumilie weusi wa sekunde moja kila unapoanza sehemu mpya.

Sauti nitaipitia haraka. Mchanganyiko wa spika sita ukibanwa kwenye spika mbili za runinga, mazungumzo huzama na milipuko hubaki. Iambie programu au boksi litume stereo, na uwashe hali ya usiku. Kimya kabisa baada ya kubadili kifaa maana yake boksi linatuma sauti iliyofungwa ambayo runinga haiielewi, chagua PCM, yaani sauti isiyobanwa.

Tamthilia za zamani zinahitaji maneno yake, kwa sababu hapo ndipo fedha nyingi hupotea. Star Trek: The Next Generation ilipigwa kwa filamu ya milimita 35 lakini ilihaririwa na kuwekewa vitimbi vya picha kwenye mkanda wa video. Kwa toleo la Blu-ray lililoanza mwaka 2012 ililazimu negativu zitafutwe, ziskaniwe na sehemu ziunganishwe upya. Deep Space Nine na Voyager hazijafanyiwa kazi hiyo, hivyo zimebaki na mistari 480, na hakuna kifurushi cha 4K kitakachozizalia mistari mingine. Babylon 5 ni kisa kigumu zaidi. Watu walipigwa kwa filamu pana, lakini vyombo vyake vilichorwa kwa kompyuta kwa umbo la 4:3, lile la runinga za zamani. Matoleo mapana ya DVD yaliikata michoro hiyo juu na chini kisha yakaikuza, ndiyo maana picha hulegea ghafla kila kompyuta inapoingia. Toleo la mwaka 2021 lilirudi kwenye 4:3, na ndilo la kutazama. Ukiona mikanda myeusi kushoto na kulia, iache. Kuvuta 4:3 ijaze kioo hugeuza sayari kuwa mayai. Vivyo hivyo uzime ile hali ya kukata kingo, iliyorithiwa kutoka runinga za kichogo. Kwenye menyu washa Just Scan, Screen Fit au Full Pixel, majina ya kuonyesha picha nzima, maana hali ile hukata asilimia chache kila upande na mara nyingine hubeba maandishi ya ukingoni pamoja nazo.

Swali linalofuata ni la kuhifadhi, na hapa kurasa zenu hukaa kimya kana kwamba kila kilichopo leo kitakuwapo kesho. Westworld iliondolewa HBO Max Desemba 2022, ingawa kampuni yenyewe ndiyo iliyoitengeneza. Star Trek: Prodigy iliondolewa Paramount+ Juni 2023, ikaibukia Netflix mwishoni mwa mwaka huohuo. Kupakua ndani ya programu si kuhifadhi. Faili hufungwa kwa msimbo na kubaki ndani ya kifaa kile. Baadhi huisha saa 48 baada ya kubonyeza kucheza, na zote hufa usajili ukikoma au haki ya kuonyesha ikiisha. Zinafaa kwa safari, si kwa kabati. Diski ya Blu-ray, kinyume chake, haimwulizi mtu ruhusa, na hubeba picha ya hadi megabiti 40 kwa sekunde mbele ya zile 5 za mtandaoni. Lile wingu la gesi lenye mikanda hutulia lenyewe. Angalia tu kanda ya kicheza diski, A, B au C. Diski za 4K hazina kanda.

Kinachorushwa hewani hurekodiwa kwa king'amuzi chenye tundu la USB. Matangazo ya HD yanayobeba megabiti 8 kwa sekunde hula gigabaiti 3.6 kwa saa, hivyo flashi ya gigabaiti 64 huchukua saa 17 hivi na diski ya nje ya gigabaiti 500 huchukua saa 138. Chagua diski. Flashi hafifu ina kasi ya wastani inayotosha, ila husimama kidogo kila inapofuta nafasi ya ndani, na kusimama huko huonekana baadaye kama picha iliyoganda kisha ikaruka. Isitoshe, hali ya kusitisha matangazo ya moja kwa moja huandika bila kukoma na kuichosha flashi mapema. Zipo pia flashi za udanganyifu: imeandikwa 512, ndani mna 32, na ikishajaa huandika juu ya yaliyotangulia bila kulalamika. Ijaze yote kwa programu ya H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux kabla ya kuiamini na msimu mzima.

Diski ya inchi 2.5 huweza kudai karibu ampia moja inapoanza kuzunguka, na tundu la USB 2.0 lina nusu yake. Dalili ni kubofyabofya, kujitokeza na kupotea, au king'amuzi kujiwasha upya rekodi inapoanza. Tumia kigawanyo cha USB chenye adapta yake. Baada ya umeme huja mfumo wa mafaili. FAT32 haikubali faili kuzidi gigabaiti 4, ambazo kwa megabiti 8 hufika dakika ya 71. Ving'amuzi vizuri huanza faili jipya; vingine hukoma kimyakimya, na sehemu ya mwisho ya msimu, ile ya saa moja na nusu, hukatikia mahali ambapo hakuna mwandishi angethubutu. Diski iwe NTFS au exFAT kama king'amuzi kinazikubali, au kiachie chenyewe kiipange, ukikumbuka kwamba kuipanga ni kufuta kila kitu kilichomo. Umeme ukikatika katikati ya kurekodi, kinachoharibika kwa kawaida ni orodha ya faili, si picha zenyewe. Chkdsk, programu ya Windows ya kukarabati diski, huokoa nyingi, mradi usiendelee kurekodi juu yake.

Ratiba nayo ina mitego. Anza dakika 2 kabla na umalizie dakika 10 baada, kwa kuwa mechi iliyotangulia haimalizwi na saa bali na mwamuzi. King'amuzi kiachwe kimelala, kisizimwe ukutani, kilichochomolewa hakiamki. Mwongozo wa vipindi hurushwa kwa saa za dunia, UTC, na king'amuzi huongeza tofauti ya eneo ulilokichagulia. Eneo likiwa si lenyewe, rekodi zote huteleza kwa idadi kamili ya saa, jambo linaloitambulisha hitilafu hiyo mara moja. Na unapoandika saa kwa mkono, saa mbili usiku ni 20:00. Wanaoandika 02:00 huamka na rekodi ndefu ya matangazo ya biashara. Tyuna, yaani kinasa mawimbi cha ndani, ikiwa moja, king'amuzi kinaweza kurekodi chaneli hii na kuonyesha ile kama tu zote ziko kwenye kifurushi kimoja cha masafa. Ubora wa ishara uutazame kuliko nguvu yake: nguvu ya asilimia 90 yenye ubora wa 40 itakupa picha iliyovunjika miraba usiku kucha.

Jaribio moja lifanyike siku ya kwanza. Rekodi dakika tano, chomeka diski kwenye kompyuta, fungua faili la .ts kwa VLC. Likicheza, rekodi ni zako. Libadilishe kifungashio tu, yaani aina ya faili, bila kugusa picha, uliite kwa msimu na sehemu, S01E01, na programu za maktaba kama Jellyfin zitalipanga. Lisipocheza, limefungwa na king'amuzi hicho, na siku kitakapoungua diski itabaki uzito wa karatasi. Kuvunja kufuli hilo ni kosa katika nchi nyingi, hata pale ambapo kurekodi kwa ajili ya kutazama baadaye kumeruhusiwa, kama Mahakama Kuu ya Marekani ilivyoamua mwaka 1984 katika kesi ya Sony na mikanda ya Betamax.

Mpangilio wa sehemu usifuate tarehe za kurushwa pasipo kufikiri. Firefly mwaka 2002 ilirushwa nje ya mtiririko, na sehemu yake ya kwanza ikaonyeshwa tarehe 20 Desemba, ikiwa ya mwisho kuruka. Aliyeipanga kwa tarehe alianza hadithi katikati na kuwajua wahusika wakati wa kuagana nao.

Wanaosema kurekodi nyumbani ni ushamba wakumbuke Doctor Who, tamthilia ya Uingereza ya msafiri wa wakati. BBC ilifuta mikanda yake mingi ya miaka ya 1960 ili itumike tena. Sauti za sehemu zote zilizopotea zipo hadi leo kwa sababu watazamaji walizinasa majumbani kwa vinasa sauti, na mwaka 2013 ilitangazwa kwamba sehemu tisa zilizokosekana zimepatikana katika kituo cha kurushia matangazo mjini Jos, Nigeria.

Kosa moja la mwisho hugunduliwa pale ambapo haliwezi tena kurekebishwa. Viumbe wa tamthilia hizi husema lugha za kubuniwa, na tafsiri yake wakati mwingine haikuchorwa kwenye picha. Husafiri kama mkondo tofauti wa maandishi. Mtandaoni, kuzima manukuu kabisa huweza kuizima nayo. Kwenye king'amuzi, baadhi ya ving'amuzi havirekodi mkondo huo mpaka uuwashe kwenye menyu ya kurekodi, na aliyehifadhi msimu mzima hubaki na dakika nyingi za wageni wa anga wakinguruma bila maana. Washa manukuu, rekodi dakika tano za sehemu yenye wageni hao, hakiki.

Ombi langu kwa ukurasa wako ni la mstari mmoja. Mnapotangaza tamthilia ya anga, chini ya jina lake andikeni umbo la picha, kama ni HDR au siyo, kama lugha za wageni zina maandishi ya kuwasha, na kama tarehe ya kuondolewa imetangazwa, iwekwe hapo hapo.

Wako,
Mtazamaji wa tamthilia za anga